Gari halijaripoti: nani afanye nini?

Ukitaka kujua kama shirika la misaada linawalinda watu wake, ingia chumba cha redio, kinachofuatilia magari yaliyoko safarini, umuulize mhudumu wa zamu: gari lililotakiwa kuripoti saa 14:00 lisiporipoti, unafanya nini? Akikujibu palepale, hatua kwa hatua, na majibu yake yakafanana na karatasi iliyobandikwa ukutani, mpango upo. Akisema atasubiri kidogo, huenda ni mtandao tu, basi kitabu kikubwa cha usalama kilichoko kabatini hakijamfikia mtu anayepaswa kukitumia.

Tuanze na saa zenyewe. Ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, kila mahali, bila ubaguzi. Ujumbe wa "tutafika saa nane" anayehesabu saa za Kiswahili ataupokea kuwa ni 14:00, na mwenzake mgeni ataupokea kuwa ni 08:00 au 20:00. Tofauti hiyo ya saa 6 inatosha watu kukaa porini usiku kucha bila mtu kushtuka.

Kabla gari halijawashwa, chumba cha redio kiwe na majina ya wote waliomo, namba za simu zao, namba ya gari, njia ya kwenda na ya kurudi, vituo vya kuripotia, na saa ya mwisho ya kugeuza. Saa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana, ilhali hesabu yake ni nyepesi. Jua likizama 18:30, gari liwe limeshaingia getini 17:00. Kurudi ni mwendo wa saa 3. Ongeza saa 1 ya pancha, matope na vizuizi. Basi mwisho wa kuondoka ni 13:00. Ikifika 13:00 na mkutano haujaisha, mkutano unakatwa, na dereva ana haki ya kusema hivyo hata kama mkuu wa msafara ni mkurugenzi.

Taarifa za njia zisiwe za wiki iliyopita. Asubuhi ya safari, ulizia yaliyotokea katika saa 24 zilizopita: madereva wa malori, wafanyakazi wanaoishi huko, mashirika mengine yanayotumia barabara ileile. Barabara iliyozoeleka kuwa na pikipiki na wachuuzi ikiwa tupu ghafla, hiyo nayo ni taarifa. Wenyeji wameshajua jambo ambalo wewe hujalijua, na kugeuza gari ni uamuzi usiohitaji kibali.

Gari la safari ndefu ya vijijini libebe matairi mawili ya akiba, jeki inayofanya kazi pamoja na ubao wa kuiwekea juu ya tope, spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia, koleo, na maji ya kunywa angalau lita 5 kwa kila mtu. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu, maana njia ya kukwepa hatari mara nyingi ni ndefu kuliko njia ya kawaida. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na mkanda wa kubana damu na bandeji za jeraha kubwa, na kila aliyemo garini awe amefundishwa kuvitumia kwa mikono yake. Mikanda ya viti ifungwe na wote, wa nyuma pia. Watu huogopa zaidi mabomu na utekaji, lakini ajali za barabarani ni miongoni mwa hatari zinazowakumba wafanyakazi wa misaada mara kwa mara, na hapo kinga yake ni ya bei ndogo kabisa: mkanda, mwendo wa wastani, na dereva aliyelala usiku.

Mawasiliano yawe ya njia mbili zisizotegemeana. Simu mbili za mtandao mmoja ni njia moja tu, kwa sababu siku ya vurugu mtandao huzidiwa au huzimwa. Mawimbi ya redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya karibu, husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo kilima kimoja kinayaziba, ila mtambo wa kurudishia mawimbi uliowekwa mahali pa juu huyaongezea umbali. Redio ya HF, ile ya mawasiliano ya mbali, hufika mamia ya kilomita kwa kudundia kwenye tabaka za juu za anga, lakini masafa yake yanabadilika kwa saa: mchana panda masafa ya juu, usiku shuka ya chini. Mhudumu asiyejua hilo atatangaza kwamba redio imekufa, kumbe ni nzima. Simu ya setilaiti inahitaji anga wazi. Ndani ya gari haishiki bila antena ya nje, na salio lake huisha muda bila kutumika. Ijaribiwe kila wiki kwa kupiga kabisa, siyo kuiwasha tu na kuizima. Hakikisha pia una kibali chake, kwa kuwa kuna nchi ambako kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai.

Sasa lile swali la mwanzo. Gari lilipaswa kuripoti 14:00 na halijasikika. Mpaka 14:15 mhudumu analiita kwa njia ya kwanza, kisha ya pili, akiandika kila jaribio na saa yake. Mpaka 14:30 anapiga kwenye kituo walikotoka na wanakokwenda, na kwa mashirika yenye magari barabara hiyo. Ikigonga 14:30 anamwarifu afisa usalama. Ikifika 15:00 mkuu wa ofisi anaita timu ya dharura. Mahali penye utekaji, muda huu ukatwe nusu au zaidi. Gari la pili lisitumwe kutafuta kabla hamjajua kilicholikuta la kwanza, kwani mnaweza kuishia na timu mbili zilizopotea.

Mpango wa namna hii huvunjika pale mhudumu anapoogopa kumsumbua bosi. Aliwahi kupiga usiku, ikawa ni betri imeisha, akafokewa. Mara ya pili anasubiri kwa muda wa saa mbili. Ndiyo maana karatasi ya ukutani iseme "mwamshe", siyo "mwarifu inapobidi". Na aliyeamshwa bure amshukuru mhudumu mbele ya wengine. Hili nalipa uzito kuliko kifaa chochote kinachonunuliwa.

Kwenye kizuizi cha barabarani: punguza mwendo mapema, shusha vioo, zima muziki, vua miwani ya jua, mikono ionekane. Usiku, taa kubwa zishushwe na taa ya ndani iwashwe. Anazungumza mmoja tu, na hakuna anayegusa simu, seuze kupiga picha. Mkono usipelekwe mfukoni ghafla. Sema kwanza unachokwenda kutoa. Magari mawili yakisafiri pamoja yaachiane nafasi ili lililo nyuma lisinaswe pamoja na la mbele.

Wenye silaha wakitaka gari, wapewe. Funguo, simu, fedha, vyote. Mafunzo yote yanasema hivyo, lakini mengi hayasemi kwa nini dereva husita. Husita kwa sababu anakumbuka mwenzake aliyekatwa mshahara kwa redio iliyoibwa. Basi shirika liandike, lisaini na kuwasomea wote kwamba mali iliyoporwa kwa nguvu haidaiwi kwa mfanyakazi. Bila karatasi hiyo, kusema uhai una thamani kuliko gari ni maneno matupu, na dereva analijua hilo.

Hapo tunafika kwenye jambo linalouma. Wengi sana wa wanaouawa katika kazi hii ni wafanyakazi wenyeji. Agosti 2006, mjini Muttur, Sri Lanka, watumishi 17 wa shirika moja la misaada, wote raia wa nchi hiyo, waliuawa ndani ya eneo la ofisi yao wakati mji ulipopiganiwa. Mgeni mara nyingi ana ndege ya kumwondoa; mwenyeji ana familia, kabila, jina la ukoo na nyumba inayojulikana. Tathmini ya hatari inayosema "wafanyakazi" kwa jumla haimlindi. Iulize: nani hawezi kupita barabara hii kwa sababu ya asili yake? Nani anarudi nyumbani kwa miguu gizani? Mwanamke anayekwenda uwandani peke yake amepangiwa kulala wapi?

Ukomo wa msaada usemwe siku ya kuajiriwa, siyo siku ya mapigano: nani atahamishwa, mpaka wapi, na familia yake itajumuishwa au la. Asiyehamishwa apewe mshahara wa miezi kadhaa mapema, salio la simu, barua ya ajira aibebe au aiharibu kwa hiari yake, na bima inayolipa sawasawa hata shambulio likitokea nje ya saa za kazi.

Sheria nayo inaangalia. Mwaka 2015 mahakama ya Oslo, Norway, iliamua kwamba shirika lililomwajiri Steve Dennis, mfanyakazi wa misaada aliyetekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, mwaka 2012, lilifanya uzembe mkubwa, na likaamriwa kumlipa fidia. Dereva mmoja aliuawa katika tukio hilo. Yapo mashirika yanayoweka fomu za kukubali hatari kwenye mikataba. Naona zinaeleweka vibaya: kusaini kwamba unajua hatari hakumwondolei mwajiri wajibu wa kuipunguza.

Fomu moja ninayoitaka kwa dhati ni ile ya ndugu wa kuarifiwa. Iwe na watu wawili, kwa mpangilio, lugha wanayoisikia, mahali wanapoishi, na jina la mfanyakazi atakayekwenda kwao ana kwa ana kabla mitandao haijawafikia. Ihakikiwe kila miezi 6, kwa kuwa namba hubadilika, ndoa huvunjika na wazazi hufariki.