Kioo nilikigeuza ukutani

Ziwa langu la kushoto liliondolewa mwaka 2021. Ya operesheni sina mengi: nililala, nikaamka na bandeji na mrija wa kutolea maji ubavuni. Maumivu niliyategemea. Sikutegemea kukiogopa kioo cha kabati langu mwenyewe. Niliporudi nyumbani, Ngamiani hapa Tanga, nilikigeuza ukutani. Nikawa naoga usiku, taa imezimwa, khanga kifuani na bafuni nimo peke yangu.

Watu husema sisi tuna nafuu, buibui linasitiri. Barabarani, sawa. Chumbani je? Baba watoto alikuwa akiniuliza tu, "Umekula? Umekunywa dawa?" kisha anageukia ukutani. Nikasema basi, kaniona kinyaa. Nikahamia chumbani kwa binti yangu, kisingizio mkono unauma. (Si uongo mtupu: tezi za kwapa zilitolewa pia, na mpaka leo presha sipimwi mkono huo.) Halafu ile chuchu isiyokuwepo ikawa inawasha! Nilidhani narukwa na akili, hadi nesi aliponiambia kuwa wengi huwatokea, ni mishipa ya fahamu.

Aliyenitoa huko ni somo yangu, yule yule aliyenisinga nilipoolewa. Alikuja kidonda kimeshapona, akafunga mlango.

"Vua."

"Somo, siwezi."

"Mficha uchi hazai. Mimi nilikuona kabla ya huyo mume."

Akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, akalifuata kovu polepole, toka katikati ya kifua mpaka kwapani. Akasita. "Wameshona vizuri, ila hapa mwisho pindo limejikunja." Nilicheka, kicheko kikageuka kilio, khanga ikalowa. Tangu nitoke hospitali kila mtu alikuwa akininong'onea kama maiti imo ndani. Yeye aliongea kama fundi anayekagua gauni.

Usiku ule nilirudi chumbani kwangu, nikamuuliza mume wangu waziwazi. Akajibu, "Naogopa nitakuumiza." Miezi mitano tulikuwa tunaogopana!

Likabaki la nguo. Sponji niliyoijaza kwenye sidiria ilikuwa nyepesi mno. Harusini, ngoma imekolea, ikapanda hadi begani. Na bega lenyewe lilikuwa linauma, kwa sababu upande mmoja una uzito na mwingine hauna. Nikashona kifuko cha pamba, na mfuko ndani ya sidiria wa kukishikilia, nikaenda dukani kununua mtama.

"Wa kuku, mama?"

"Eh, wa kuku."

Sasa, huwezi kusawazisha kifua kwa kupapasa. Nikakigeuza kioo. Nikasimama mbele yake mchana kweupe, kijiko mkononi: naongeza, natazama, napunguza, natazama tena. Uliingia nusu kilo na vijiko vitatu.