Gunia la mama halikuandikwa

Juzi nasogeza kabati nikakutana na kaunta buku langu la matumizi la 2012, enzi hizo naandika kila kitu, nyanya za jero, mkaa, nauli, vocha. Nikajumlisha mwezi mmoja nikacheka peke yangu, hela ile sasa hivi haifiki tarehe 10. Waifu akaniambia si unaona maisha yamepanda, nikamwambia ngoja kwanza mama Neema, pale tulikuwa wawili leo tuko sita, na bei zenyewe siyo zile.

Basi nikafungua ripoti za NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, za mapato na matumizi ya kaya, ya 2011/12 na ile ya 2017/18. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango ambacho ukitumia chini yake unahesabiwa maskini, ulikuwa sh 36,482 kwa mwezi kwa mtu mzima, ukapanda mpaka 49,320. Nimepiga kalkuleta ni kama asilimia 35. Yaani kama matumizi yako nayo yalipanda asilimia 35 kipindi hicho usishangilie, ukipima kwa asilimia umbali wako na ule mstari ni uleule. Halafu ndani ya hiyo 49,320 chakula peke yake ni 33,748, inabaki kama elfu 15 na ushee ya sabuni, nauli, dawa, nguo, na bado asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa hawaifikii.

Na matumizi ya kaya NBS hawayagawi kwa vichwa tu hivi hivi. Mtoto mchanga anahesabiwa chini ya nusu ya mtu mzima, ila kijana wa kiume wa miaka 16 anahesabiwa zaidi ya mtu mzima, hapo nikasema hawa watu wamewahi kuishi na mdogo wangu nini, maana yule sufuria la wali analimaliza akiwa amesimama.

Sasa kilichonikamata ni hiki. Kwenye utafiti wao chakula ulichovuna au ulichopewa nacho wanakipigia bei wanakiweka kwenye matumizi. Mimi kwenye daftari Agosti 2012 nimeandika tu "mzigo stendi 5,000", basi. Huo mzigo ni gunia la mahindi mama katuma kwa basi kutoka Songea, tulilila miezi minne, ugali wote ule kwenye hesabu zangu haupo! Nikachukua penseli, nikakadiria bei ya gunia ya wakati ule, nikaigawa kwenye ile miezi minne, fungu la mwezi mmoja nikaliongeza kwenye matumizi ya mwezi ule, jumla nikaigawa kwa watu wawili. Halafu nikafanya ya mwezi uliopita, nikaishusha kwa bei zilivyopanda, nikagawa kwa sita.

Ya kila mtu ya 2012 ikawa kubwa. Mama Neema kachukua kalkuleta anarudia mwenyewe, ananiambia nimekosea mahali.