Taraza si darizi

Mtu akikuonyesha kilemba chenye ukingo wa hariri akauita darizi, mwombe akigeuze. Darizi ni kazi ya sindano juu ya nguo iliyokwisha kufumwa, na nyuma yake utaona mafundo na nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua. Taraza ni utepe mwembamba uliofumiwa papo hapo kwenye ukingo wa nguo, wenye mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (uzi unaozikata kwa upana) wake, na nyuma ni safi karibu sawa na mbele. Kitenzi chake ni kutarizi. Pindo la kanga halihusiki, lile limechapwa. Mistari ya kikoi nayo imo kwenye mtande wa kikoi chenyewe tangu mwanzo, haikuongezwa.

Asili ya neno ni Kiajemi. Kwa Kiarabu likawa tiraz, pambo la nguo, na zama za Bani Abbasi na Fatimiya, koo za makhalifa wa Kiislamu, likataja hasa utepe wenye jina la khalifa, kisha vazi lenye utepe huo, mpaka karakana yake ikaitwa dar al-tiraz. Misri, ambako miji ya Tinnis na Damietta ilisifika, hariri ilifumwa ndani ya kitani. Iraki na Uajemi mara nyingi walitumia sindano. Kwa Kiarabu zote tiraz. Leo tatriz, pambo la nguo la Wapalestina lililoingia orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, ni sindano tupu. Kiswahili ndicho kilichoshikilia ufumaji, na kazi ya sindano kikaipa neno jingine.

Anayetaka kujaribu aanze na utepe wa sentimita 1. Fua nguo kwanza, maana pamba ikirudi baada ya kutariziwa, hariri haitarudi nayo na ukingo utafanya mawimbi. Tandika nyuzi za mtande sambamba na ukingo, zimezidi urefu wa nguo kwa nusu mita, uzikaze pande zote mbili. Mshindio utie kwenye sindano butu. Pitisha katikati ya nyuzi za juu na za chini, choma ukingo milimita 2 au 3 kwa ndani, badilisha nyuzi, za juu ziende chini na za chini juu, rudi, shindilia. Mita moja ya taraza hula takriban mita 9 za mshindio. Kata vipande vya mita moja na nusu, kirefu zaidi kitajisokota.

Kosa la kawaida ni kuvuta mshindio kwa nguvu: utepe unakuwa mwembamba na nguo inajikunyata. Ukichoma karibu mno na ukingo, nyuzi za nguo zitachomoka taraza ikingali nzima. Uzi mwekundu uloweke usiku kucha juu ya kitambaa cheupe kabla ya kuutandika. Ukiacha doa, tafuta mwingine.