Bonasi ya +4 inatosha? Vile nilijipanga na kuhani wangu

Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake, na dadu ukijumlisha bonasi ya mhusika ndo linaamua kama amefaulu) kila Jumamosi jioni hapa Kansanga, Kampala, na tunacheza kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha inatuunganisha. Wawili ni Wakenya wanasoma huku, msimamizi wetu wa mchezo ni Mkongo wa Goma tunamwita Yaya kwa vile ndiye mkubwa wetu, mmoja ni wa Masaka, na mimi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa askari, so Kiswahili nilikipata huko huko.

Dadu la pande 20 nililitafuta Kikuubo duka kwa duka nikapata za ludo tu. Basi tukachukua vifuniko 20 vya soda, tukaandika namba 1 mpaka 20 na maka, tukavitia kwenye kaveera nyeusi. Unachota kimoja, unasoma, unarudisha. Ukisahau kurudisha umeharibu hesabu ya kila mtu, hilo tunalisimamia vikali.

Sasa mimi nilichagua kuhani. Hekima nikampa 16, nguvu 14, na nguvu ya 14 inakupa +2, ukijumlisha na bonasi ya ustadi ya +2 ya levo ya kwanza unapata +4 ukipiga na rungu. Mwenzangu wa Nairobi mwenye mpiganaji alikuwa na +5, yule wa Masaka na upinde wake +7 kwa sababu mtindo wa upinde unaongeza 2. Nikaona niko nyuma ya wote.

Pambano la pili Yaya akatuletea mahobgoblini wawili darajani, hao ni viumbe adui wa mchezoni. Hobgoblini amevaa chuma na ana ngao, AC yake ni 18, yaani ukichota ukajumlisha bonasi yako lazima ufike 18 ndo umpate. Nikachota 9, nikachota 12, nikachota 6, nikachota 13. Raundi nne sijamgusa, na mwenzangu wa Masaka akaanguka chini akiwa hapo pembeni yangu. Iliniuma sana, nilienda nyumbani nikiwaza nitengeneze mhusika mwingine kabisa.

Kesho yake Yaya alinipigia, akasema mdogo wangu, kabla hujamtupa huyo kuhani njoo tumwage vifuniko mezani. Tukavipanga. Kwa +4 dhidi ya AC 18 unahitaji kuchota 14 kwenda juu, hivyo ni vifuniko 7. Akaniuliza, ungekuwa na +5? Vifuniko 8. Kimoja tu kimeongezeka! Tukarudia zile namba nilizochota, 9, 12, 6, 13, nikaona kwa +5 ningempata mara moja tu, ile ya 13, zingine tatu ningekosa vile vile. Hapo ndo nilielewa kwamba kila +1 ni kifuniko kimoja kati ya 20, na mimi nilikuwa nalilia hicho kimoja wakati tatizo langu lilikuwa kumpiga mtu wa chuma kwa rungu.

Tukaendelea kupanga mpaka umeme ukakatika, tukamalizia na tochi ya simu. Goblini ana AC 15, kwa +4 nina vifuniko 10, nusu kwa nusu. Jitu la ogre ni kubwa linatisha lakini AC yake ni 11, vifuniko 14. Zombi AC 8, vifuniko 17. Kumbe +4 ile ile ni nzuri kabisa au ni mbovu kabisa, inategemea umesimama mbele ya nani.

Alafu tukaangalia uchawi ambao nilikuwa nao na siutumii. Ule moto mtakatifu wa kuhani hauangalii AC, adui ndiye anachota kujiokoa, na kwa hekima yangu anatakiwa kufika 13. Hobgoblini ana +1 kwenye wepesi, kwa hivyo vifuniko 11 vinamuunguza. Kumi na moja dhidi ya saba za rungu! Moto unaumiza kidogo kuliko rungu, wastani 4.5 kwa 5.5, lakini unafika.

Na ile dua ya baraka, hiyo ndo iliyonibadilisha. Watu watatu kila mmoja anaongeza dadu la pande 4 kwenye kila shambulizi (sisi tunatupa la ludo, ikija 5 au 6 tunarudia), wastani ni vifuniko viwili na nusu kwa kila mtu. Mimi nilikuwa natafuta +1 ya kwangu peke yangu wakati naweza kuwapa watatu +2.5 kwa mpigo.

Nafikiri hii inawezekana kwa sababu toleo la tano, lile la 2014, namba zake zimebanwa. Bonasi ya ustadi inaanza +2 na haivuki +6 hata ufike levo 20, na joka jekundu lililokomaa lina AC 19 tu. Toleo la tatu la mwaka 2000 mpiganaji wa levo 20 alikuwa na +20 kabla hujaongeza nguvu zake, ukiachwa pale umeachwa. Lakini nisidanganye mtu, kama kazi ya mhusika wako ni upanga tu na hana kingine, mimi nisingekubali aanze chini ya +5, maana yeye anachota kila raundi na kile kifuniko kimoja kinajirudia mara nyingi.

Levo ya nne ilipofika kila mtu aliniambia niongeze nguvu. Nikaongeza hekima, ikawa 18, sasa adui anahitaji 14 kujiokoa. Rungu likabaki +4.

Jumamosi iliyopita mahobgoblini wamerudi, wanne safari hii. Raundi ya kwanza nikaomba baraka, nikasimama nyuma ya mwenzangu wa Nairobi, yeye akachota 11. Na +5 yake ni 16, haifiki. Akatupa dadu la ludo juu ya ile baraka, ikaja 2.

Kumi na nane! Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.