Maji ya Shawa Yanaposhuka Polepole katika Gari-Nyumba

Watu wengi wakiona maji yanatuama miguuni wakati wa kuoga, jambo la kwanza wanalolifikiria ni nywele. Katika nyumba iliyojengwa juu ya msingi, mara nyingi huwa wamepatia. Katika gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake, nywele ni sababu moja tu miongoni mwa kadhaa, na mara nyingi si ile inayopaswa kuchunguzwa kwanza. Familia yangu inaishi kaskazini mwa Ujerumani, na likizo zetu nyingi tunazipitisha ndani ya gari la namna hiyo, tukielekea ufukweni mwa Bahari ya Baltiki au ile ya Kaskazini. Nimeona niyaandike haya kwa urefu kwa sababu ushauri mwingi kuhusu tatizo hili humkimbiza mtu kwenye chupa ya dawa ya kuzibulia kabla hajajua maji yake yanakwama wapi.

Kwanza inafaa kuelewa jinsi bafu hili lilivyotengenezwa. Katika nyumba za huku, bomba la kutolea maji ya shawa kwa kawaida lina upana wa milimita 50, limefichwa ndani ya sakafu nene, na mteremko wake ulipimwa siku ya ujenzi wala haubadiliki tena. Katika gari, kila kilo na kila sentimita ina thamani, kwa hiyo mtengenezaji hutumia bomba la milimita 40 au hata 28, mara nyingi la plastiki laini lenye mikunjo, linalopita chini ya sakafu hadi kwenye tangi la maji machafu. Tofauti kati ya 40 na 28 inaonekana ndogo kwa macho, lakini ukipiga hesabu ya eneo la tundu utakuta bomba la 40 lina nafasi mara mbili ya lile la 28. Zaidi ya hayo, sakafu ya bafu na sehemu ya juu ya tangi karibu zinalingana kwa kimo, kiasi kwamba maji hayana mahali pa kushukia kwa nguvu. Mfumo wa namna hii hufanya kazi vizuri mambo yote yakiwa sawa, na jambo moja tu likiharibika, maji huanza kusimama.

Jambo la kwanza la kuangalia halihitaji kufungua chochote, nalo ni jinsi gari lilivyoegeshwa. Mafundi bomba hupendelea mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita ya bomba. Sasa chukua gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 4, na bomba la shawa linaelekea mbele. Magurudumu ya mbele yakiwa juu kuliko ya nyuma kwa sentimita 8 tu, mteremko wote umefutika, na maji yanabaki ndani ya bomba yakisubiri kusukumwa na maji mengine. Sentimita 8 katika uwanja wa majani ni kitu ambacho dereva hawezi kukihisi akiwa amekaa kwenye usukani. Ndiyo maana mabafu mengi ya magari haya yana matundu mawili katika pembe tofauti za beseni la sakafuni, ili gari likiinamia upande mmoja tundu mojawapo liwe chini. Weka pimamaji, yaani kifaa cha kuonyesha usawa, juu ya sakafu, kwa urefu na kwa upana, kisha pandisha magurudumu juu ya kabari upande unaohitajika. Maji yakianza kushuka vizuri baada ya hapo, hakuna kilichoziba, na kazi imekwisha.

La pili ni tangi lenyewe. Likijaa, au likikaribia kujaa, maji hayana pa kwenda, na kwa kuwa tundu la shawa ndilo lililo chini kuliko matundu yote ya gari, ni hapo yanapojitokeza kwanza. Usiamini sana kipimo kilichopo kwenye paneli, kwa maana vihisio vya ndani ya tangi hufunikwa na utando wa sabuni na mafuta ya vyombo, vikaonyesha hesabu isiyo ya kweli. Limwage tangi katika sehemu rasmi ya kumwagia, kisha ujaribu tena.

Kama gari limekaa sawa, tangi ni tupu, na bado maji yanasuasua, hapo ndipo uchunguzi wenyewe unapoanza, na swali la kuuliza linahusu hewa. Tangi tupu kwa hakika limejaa hewa. Kila lita ya maji inayoingia lazima iondoe lita moja ya hewa, na hewa hiyo isipopata njia yake itapanda kwa bomba lile lile ambalo maji yanashukia. Vitu viwili vinavyopishana katika bomba jembamba hucheleweshana, kama abiria wanaoshuka na wanaopanda daladala kupitia mlango mmoja. Dalili yake ni ya wazi: maji hushuka kidogo, yanasimama, tundu linakoroma, viputo vikubwa vinapanda, kisha maji yanashuka kidogo tena. Nywele hazifanyi hivyo. Mahali palipoziba kwa nywele hupitisha maji polepole lakini kwa mfululizo, bila kukoroma.

Gari letu lilipoanza kukoroma majira ya machipuko, nilimpigia simu kaka yangu, ambaye ni fundi bomba Tanga na hajawahi kuona gari la aina hii ila kwenye picha. Nilipomaliza kumweleza dalili, aliuliza swali moja tu. “Mdogo wangu, hilo tangi linapumulia wapi?” Nikamwambia, “Bomba la hewa sijaliona bado, kaka.” Akasema, “Basi ingia chini ya gari ulitafute kabla hujagusa kitu kingine. Maji hayana kosa mpaka umeshaiona njia ya hewa.”

Alikuwa sahihi. Katika magari ya Marekani bomba la hewa la tangi hupanda hadi juu ya paa, na huko linaweza kuzibwa na majani au viota vya nyigu. Katika magari mengi ya Ulaya hakuna bomba la paani, bali kuna kijibomba kifupi kinachotoka juu ya tangi na kuishia chini ya gari, karibu na magurudumu, mahali panaporushiwa matope ya barabara. Cha kwetu kilikuwa kimejaa matope yaliyokauka yakawa magumu kama udongo wa kuchoma. Kwa wasiopenda kulala chini ya gari bila uhakika, lipo jaribio jepesi: acha maji yasimame bafuni, kisha ondoa kizibo cha sinki la jikoni. Ikiwa maji ya bafuni yanaanza kushuka haraka mara tu kizibo kinapotoka, basi hewa imepata mlango wa pili, na umeshajua kuwa tatizo liko kwenye upumuaji wa tangi. Jaribio hili nalithamini kuliko kifaa chochote cha kuzibulia, kwa kuwa linatoa jibu kabla hujachafua mikono.

Sinki la jikoni hutusaidia kwa njia nyingine pia. Katika magari mengi mabomba ya jikoni na ya bafuni huungana kabla ya kufika kwenye tangi. Ukimwaga maji mengi jikoni na yakashuka bila shida, huku ya bafuni yamesimama, basi kizuizi kiko kati ya tundu la shawa na muungano huo. Ukimwaga jikoni na maji yakatokeza bafuni, wakati tangi ni tupu, kizuizi kiko mbele ya muungano, upande wa tangi.

Tatizo letu la pili lilikuja wakati wa vuli, na hili linawahusu hasa wasomaji wanaopaka mafuta kama tunavyopaka sisi. Nyumbani kwetu mafuta ya nazi hayakosekani, kwa ngozi na kwa nywele. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24. Pwani ya Afrika Mashariki hali hiyo haitokei mara nyingi, na ikitokea mafuta yanabaki kwenye chupa. Mwezi wa Oktoba kaskazini mwa Ujerumani, bomba lililoning'inia chini ya sakafu ya gari linapigwa na upepo wa nyuzi 10 au chini ya hapo. Maji ya kuogea yenye joto huyayeyusha mafuta mwilini, yanayabeba kupitia tundu, na baada ya mita moja tu mafuta yanakutana na ukuta wa plastiki wenye baridi. Yanaganda hapo hapo. Juu yake inanasa mchanga wa ufukweni, na juu ya mchanga zinanasa nyuzi za rasta za binti zetu, ambazo ni za plastiki na haziozi kamwe. Bomba lenye mikunjo linasaidia uharibifu huo, kwa sababu kila mkunjo ni rafu ya kuwekea uchafu.

Jaribio la sinki lilionyesha kuwa kizuizi kiko upande wa bafu. Nililegeza kibano cha bomba chini ya gari, nikiwa nimetanguliza ndoo, na nikakuta kwamba vishikizo viwili vilivyolibeba bomba vilikuwa vimekatika. Bomba lilikuwa limelegea na kufanya tumbo, na katika tumbo hilo ndimo mafuta, mchanga na nywele vilimokaa, vikiwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Kuzibua tumbo bila kuliondoa ni kazi ya kurudia kila msimu. Kwa hiyo nilibadilisha kipande hicho kwa bomba la milimita 40 lenye uso laini ndani, nikaweka vishikizo vipya kwa ukaribu zaidi, na nikahakikisha kwa pimamaji kwamba linateremka mwanzo hadi mwisho.

Kwa wale ambao bomba lao liko sawa lakini limepata utando wa mafuta, maji ya moto ya kama nyuzi 50 yanatosha. Hakuna haja ya maji yanayochemka, ambayo yanaweza kulegeza plastiki na viungo vyake. Ongeza sabuni ya vyombo kwa wingi, kwa maana mafuta yaliyoyeyushwa bila sabuni yatasafiri tu hadi kwenye tangi na kuganda tena huko, juu ya vile vihisio. Baada ya kumwaga maji hayo, endesha gari kidogo ili yatikisike, kisha umwage tangi kabla hayajapoa. Nywele zilizo karibu na tundu huvutwa kwa ukanda mwembamba wa plastiki wenye vimiiba. Gari lenye valvu ya utando wa silikoni badala ya trapu ya maji, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, lishughulikiwe kwa uangalifu, kwa sababu vimiiba hivyo vinaweza kuupasua utando. Ni afadhali kuifungua valvu yenyewe na kuisafisha kwa mkono.

Dawa kali za kuzibulia zenye kostiki soda sizishauri hata kidogo. Ndani ya bomba lililozibika zinakaa mahali pamoja na kutoa joto, zinadhuru mipira ya viungo, na mtu atakayelegeza kibano baadaye akiwa amelala chini ya gari anaweza kumwagikiwa usoni. Hewa ya kompresa nayo ina hatari yake: viungo vingi vya mabomba haya vimesukumizwa tu bila gundi, na shinikizo likiviachanisha juu ya dari ya tangi, utalazimika kulishusha tangi zima.

Sasa kila anayeoga baharini hujisuuza mchanga nje kwanza, kwenye mabomba ya ufukweni, na tundu la shawa lina kichujio cha chuma chenye matundu madogo, ambacho hutolewa na kufutwa kila baada ya kuoga. Mafuta tunapaka baada ya kuoga, na yaliyokwisha kupakwa tangu jana hufutwa kwa karatasi kabla ya kuingia bafuni. Baridi kali ikitangazwa, na gari likiwa limeegeshwa mahali panaporuhusu, valvu ya tangi huachwa wazi na ndoo huwekwa chini yake, ili maji machafu yasibaki ndani yakaganda na kupasua bomba au tangi. Ndoo hiyo humwagwa choo cha kambi au kwenye sehemu ya kumwagia, kwa kuwa maji haya hayaruhusiwi kumwagwa ardhini.