Namna nilivyochagua pa kulala Malta nikiwa na mama na mtoto

Mama alipopata viza ya kuja kunitembelea Hamburg, nilijua Ujerumani peke yake haitamtosha. Ni Mwanglikana wa Muheza, amefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na tangu utoto wetu alikuwa akitusimulia jinsi merikebu ya Mtume Paulo ilivyovunjika kwenye kisiwa cha Melita. Melita hiyo ndiyo Malta. Viza yake ya Shengeni, inayokubaliwa nchi nyingi za Ulaya, ilimruhusu kufika, na shule za Hamburg hufungwa Oktoba. Mwanangu wa miaka 9 hakuwa na habari na Paulo. Yeye alitaka mchanga, na maji ya kuogelea bila kutetemeka.

Kwa hiyo nilitafuta pa kulala usiku saba, mahali ambapo bibi atafika kwenye makanisa na mjukuu atafika ufukweni, nami sina leseni ya gari. Magoti ya Mama ni mabovu. Bajeti yangu ilikuwa ya muuguzi.

Nilianza vibaya, kwa kufuata picha. Niliona fleti karibu na Golden Bay, upande wa kaskazini-magharibi, roshani inatazama machweo na chini yake mchanga wa rangi ya asali. Nikaweka nafasi usiku uleule. Nashukuru nilichagua bei ya juu kidogo inayoruhusu kughairi bila kukatwa, kwa sababu kesho yake nilikaa na ramani ya simu nikaona nilichokifanya.

Malta ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 246 tu. Unaweza kupanga Malta sita ndani ya Unguja na nafasi ikabaki. Udogo huo ndio ulionidanganya. Nilidhani popote nitakapolala, kila kitu kitakuwa jirani. Kumbe barabara ni nyembamba, magari ni mengi mno, na njia nyingi za basi hukusanyika Valletta, mji mkuu, kama vijiti vya mwavuli. Safari ya kilomita 15 inaweza kula saa nzima na zaidi.

Nikachukua karatasi. Niliandika sehemu tano ambazo lazima tufike: Valletta, Rabat (mji wa Malta, si ule wa Moroko) pamoja na jirani yake Mdina, mahekalu ya mawe ya Ħaġar Qim, ufukwe wa Għadira, na kivuko cha kwenda Gozo, kisiwa cha pili cha nchi hiyo. Kisha kwa kila mji niliofikiria kulala, niliangalia basi la saa tatu asubuhi siku ya kazi: linachukua dakika ngapi, na unabadilisha mara ngapi. Kubadilisha basi ndiko kulikonitia wasiwasi kuliko dakika zenyewe. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kukaa saa nzima kwenye kiti, lakini kushuka, kusimama juani na kupanda tena kunammaliza.

Golden Bay ilianguka hapohapo. Valletta yenyewe iliniuma kuiacha. Ni mji ulioanza kujengwa 1566, mwaka mmoja baada ya mzingiro mkubwa wa Waturuki, wote wa mawe ya manjano, na vibaraza vya mbao vimening'inia juu ya vichochoro kiasi kwamba aliyekulia pwani yetu anahisi kama anapajua. Mabasi mengi huanzia langoni pake. Ila mitaa inayotelemka baharini mingine ni ngazi tupu, nyumba nyingi za kupangisha ni za zamani hazina lifti, na mchanga hakuna. Buġibba kulikuwa na bei nzuri kuliko kote, lakini kwenda mahekaluni kungetula siku. Mellieħa iko juu ya kilima, na Għadira, ufukwe mrefu wa mchanga kuliko wote Malta, uko chini yake. Kama ningekuwa na mtoto peke yake, ningelala Mellieħa bila kufikiri mara mbili.

Karatasi ilionyesha Sliema. Si kwa uzuri. Ni mji wa maghorofa na maduka. Lakini basi namba 222 linatoka pale kwenda moja kwa moja Mellieħa, Għadira na Ċirkewwa kwenye kivuko cha Gozo, na namba 202 linakwenda Rabat. Valletta iko ng'ambo ya maji, dakika chache kwa boti. Sehemu nne kati ya tano bila kubadilisha basi! Ħaġar Qim tu ndiyo ilitaka tupitie Valletta kupanda namba 74.

Ndani ya Sliema nako nilichagua kwa makini. Nilitaka jirani na gati la boti, mahali wanapopaita Ferries, kwa sababu mabasi haya huanzia hapo. Ukipandia mwanzo wa njia unapata kiti. Tuliona kwa macho yetu vituo vya mbele watu wamepunga mkono na basi limejaa, likapita. Tena nilimwandikia kila mwenye fleti swali moja: kutoka barabarani mpaka kitandani kuna ngazi ngapi, ukihesabu na zile za nje kabla ya lifti? Wawili hawakujibu, mmoja aliniambia "chache". Wa nne alijibu: nne, kisha lifti. Nikalipa.

Tulipofika usiku, mwanangu akataka kuchaji tableti yake. Chaja zetu zote za Ujerumani hazikuingia ukutani. Soketi za Malta ni za matundu matatu ya Kiingereza, kama za Tanzania, maana nao walitawaliwa na Waingereza mpaka 1964. Mama akafungua mkoba, akatoa chaja aliyonunua Muheza, ikaingia papo hapo. Wiki nzima tulipanga foleni kwa chaja ya Bibi.

Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, ratiba ya kutoa taka: mfuko upi utolewe siku ipi. Alikuwa ameweka kidole kwenye Il-Ħamis, akakishusha mpaka Il-Ġimgħa.

"Mwanangu, hii si Alhamisi? Na hii si Ijumaa?"

Ndizo hasa. Kimalta kimezaliwa na Kiarabu ingawa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na Mama ambaye Kiingereza kinampa tabu akajikuta anasoma karatasi ya watu. Ila It-Tlieta ilimchanganya. Aliona tatu ndani yake, kama ya thelathini, akasema ni Jumatatu. Kumbe wao huhesabu kuanzia Jumapili, kwa hiyo siku ya tatu ni Jumanne yetu. Mfuko wetu wa kwanza ulitoka siku moja kabla ya wakati, nikaurudisha ndani.

Boti ya Valletta ilinifundisha jambo ambalo ramani haikunionyesha. Kuvuka ni raha, unaiona kuba kubwa la kanisa inakujia juu ya maji. Lakini boti inakushusha chini kabisa, na mji uko juu. Mama alipanda theluthi ya kwanza akaketi kwenye kizingiti cha duka. Kuanzia siku ile tulikwenda Valletta kwa basi mpaka langoni, tukashika mtaa mkuu ambao kwa sehemu kubwa ni tambarare. Upande wa pili, kwenye Bandari Kuu, kuna lifti kutoka majini hadi bustani ya Upper Barrakka. Upande wa Sliema hakuna. Kama unasafiri na mzee, hilo lijue mapema.

Siku ya Rabat ilinyesha. Tulishuka namba 202 tukaingia chini ya kanisa la Mtakatifu Paulo, kwenye pango ambalo Wamalta wanaamini alikaa. Ni chumba kidogo cha mwamba chenye sanamu yake. Mama alitoa Biblia yake ya Kiswahili, ile yenye gamba lililofungwa plasta, akasoma Matendo 28 kwa sauti ya chini: wenyeji wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, nyoka akatoka kwenye kuni akamshika mtume mkononi. Nguo zetu zilikuwa zinatiririka maji. Mwanangu, ambaye nilidhani atachoka, akauliza, "Bibi, na yeye alilowa hivi?" Mama hakujibu, alimvuta tu karibu.

Għadira tulikwenda mara mbili. Ni mwendo wa saa moja na ushee kutoka Sliema, na hapo nililipa gharama ya uamuzi wangu. Maji ya Oktoba bado yana uvuguvugu, na ni ya kina kifupi mbali sana. Mtoto alitembea mpaka nikaanza kumwita, bado yalikuwa kifuani. Sliema wenyewe wanaogea kwenye majabali. Bahari ni safi kabisa, lakini unaingia kwa ngazi za chuma na miguu inataka viatu. Tangazo linaloandika "ufukwe mita 100" halikudanganyi, ila halisemi kwamba ni mawe. Tazama picha za satelaiti: mchanga unaonekana.

Kuna tulichokikosa. Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya kale yaliyochongwa chini ya ardhi, huingiza watu 10 tu kwa saa, na tiketi zilikuwa zimekwisha wiki nyingi nyuma. Nilipaswa kuzitafuta kabla ya kutafuta kitanda, kisha tarehe za kitanda zifuate.

Siku ya Gozo tulipanda kivuko cha Ċirkewwa, kama dakika 25. Nauli hailipwi unapokwenda, inalipwa unaporudi. Kule kimya, mashamba yenye kuta za mawe, na mahekalu ya Ġgantija yaliyosimama kabla ya piramidi za Misri. Jioni kwenye foleni ya kurudi Mama aliangalia nyuma akaniuliza kwa nini hatukulala huku. Nilimwambia kwamba kutoka Gozo, kila safari ya Rabat au Valletta ingeanza kwa kuvuka bahari.

"Rabat nimeshaiona," akasema.

Nimeanza kutafuta nyumba karibu na Ramla, ufukwe wa mchanga mwekundu wa Gozo, kwa Oktoba nyingine. Nimeshamwandikia mwenye nyumba mmoja. Anasema ngazi ni tatu.