Kambare wa Edo

Watu wengi hapa Uganda wakitajiwa sanaa ya Kijapani hukumbuka mlima wenye theluji kileleni, au lile wimbi kubwa la buluu linalochapwa hadi kwenye fulana. Mimi nilivutwa na kambare, samaki yule yule mwenye masharubu anayekaushwa kwa moshi na kuuzwa sokoni kwetu Mbale.

Wajapani wa zamani walisimulia kwamba chini ya ardhi amelala kambare mkubwa mno, na akijipindua nchi hutetemeka. Anayemtuliza ni mungu wa Kashima, kwa kumkandamiza kichwa kwa jiwe ambalo ncha yake huonyeshwa hadi leo katika hekalu la Kashima, mkoani Ibaraki. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855, mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, ulikumbwa na tetemeko lililoua maelfu ya watu. Kwa kalenda yao ya wakati ule ulikuwa mwezi wa kumi, ambao miungu huenda kukutana Izumo, kwa hiyo ikasemwa kwamba kambare aliachwa bila mlinzi wake. (Kumbe mkubwa kutokuwapo kazini siku ya balaa si jambo letu peke yetu.)

Siku chache baadaye picha za kambare, zilizochongwa kwenye mbao na kuchapwa kwa rangi, zilikuwa zikiuzwa mitaani bila kibali cha serikali na kwa kawaida bila jina la mchoraji. Katika baadhi yake watu wenye hasira wanampiga kambare. Katika nyingine yeye mwenyewe anawatoa watu kwenye vifusi. Zilizonishika zaidi ni zile ambamo maseremala na wapiga lipu wanamkirimu kambare kama mgeni wa heshima, kwa sababu mji ulioanguka lazima ujengwe upya, na ujira wa fundi umepanda. Sijui sanaa nyingine iliyothubutu kusema hivyo mapema kiasi hicho, huku makaburi yakiwa bado mabichi.

Mjomba wangu ni seremala. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulipoporomoka Bududa na kukifunika kijiji cha Nametsi, karakana yake ilipata kazi kuliko mwezi mwingine wowote ninaoukumbuka: majeneza, usiku na mchana, malipo papo hapo. Sisi vijana tulikuwa tukikusanya misaada, na nakiri kwamba katika magunia yetu mlikuwamo viatu vya kike vya visigino virefu, vilivyopandishwa hadi kwenye matope yale. Mjomba hakuchanga nguo. Kazi ilipopungua alifunga karakana, akapakia mbao na misumari kwenye pikapu ya kukodi, akaenda Bulucheke, ambako manusura walikuwa wakiishi kwenye mahema. Alikaa huko karibu wiki mbili akitengeneza mabenchi na milango ya vyoo. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Mwaka jana nilimwonyesha moja ya picha zile kwenye simu yangu. Kwanza alivutiwa na vifaa vya kazi, nami nikamweleza kwamba msumeno wa Kijapani hukata unapovutwa, si unaposukumwa kama wa kwetu. Alitikisa kichwa, akasema huo utamchosha mtu mgongo. Kisha nikamfafanulia karamu yenyewe: wale ni mafundi, na yule wanayemmiminia pombe ndiye aliyeleta tetemeko.

Alicheka, halafu akanyamaza, akaisogeza simu karibu na macho.

"Mpwa wangu, hebu ikuze," akasema. "Nataka kuona kama yupo hata mmoja ambaye hanywi."

Niliikuza kadiri simu ilivyoruhusu, tukaanza kuwatazama mmoja mmoja.